Likizo ya majira ya joto kwa mtoto wa elimu maalumu: abaki kwenye programu ya shule Ohio au aende kwa bibi Tanga?

MamaWaChumbageni

Assalaam aleikum na habari zenu ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kwa wazazi wenye watoto katika shule za elimu maalumu hapa Marekani na kwa walimu wa fani hiyo popote walipo.

Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 9 na ana sindromu ya Down. Anasoma katika shule ya elimu maalumu hapa Ohio, na mwaka huu wa masomo umekuwa wa neema kubwa kwake. Alipoanza mwezi wa nane alikuwa akivalishwa kila kitu. Leo anavaa suruali na fulana mwenyewe, na akivaa shati anafunga vifungo vya chini, ingawa kile cha shingoni bado kinamshinda. Ameanza kuunganisha picha mbili kwenye tableti yake ya mawasiliano, ya "nataka" na ya "maji", ambapo zamani angemvuta mtu mkono huku analia. Mwezi uliopita alipewa cheti mbele ya darasa kwa sababu ameweza kusubiri zamu yake katika mchezo wa kurusha mpira bila kumsukuma mwenzake. Baba yake amekitundika cheti hicho sebuleni, na kila mgeni anayeingia huonyeshwa.

Sasa shule imetuletea barua kwamba anastahili programu ya majira ya joto, wiki nne za mwezi wa saba, asubuhi tu. Barua inataja kuogelea, bustani, upishi mwepesi na safari za dukani. Kwa upande mwingine, mama yangu mzazi yuko Tanga, umri umekwenda, na hajamwona mjukuu wake tangu akiwa mchanga. Tulikusudia kuondoka mara tu shule zitakapofungwa mwishoni mwa mwezi wa tano na kukaa huko hadi karibu na kufunguliwa mwezi wa nane. Kinachonitia hofu ni kwamba majira ya joto yaliyopita hakuwa na programu yoyote, na aliporudi darasani alikuwa amesahau hata kuomba kwenda chooni. Ilipita miezi, baridi ikaingia, ndipo akaliweza tena jambo ambalo mwezi wa tano alikuwa akilifanya bila kukumbushwa.

Je, programu hizi zinafundisha kwa kweli, au ni mahali pa kuwaweka watoto ili wazazi waende kazini? Tukiikataa mwaka huu, tutakuwa tumejifungia mlango kwa miaka inayofuata? Na je, mtoto kama huyu anaweza kukaa Tanga muda wote huo asipoteze alichokipata?

MwalimuWaOhio

Wa aleikum salaam dada, na hongera kwa cheti. Ninafundisha elimu maalumu katika jimbo hilohilo, kwa hiyo nitajibu maswali yako mawili ya kwanza, la tatu nikiwaachia walio karibu na Tanga.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba programu hiyo si hisani ya shule. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, ambayo tangu 1990 inajulikana kwa jina la IDEA, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kupata elimu ya umma inayomfaa bila malipo. Pennsylvania ilikuwa ikishikilia kwamba wajibu wake unakoma siku 180 za mwaka wa shule zinapokwisha. Wazazi wakaenda mahakamani, na mwaka 1979, katika kesi ya Armstrong dhidi ya Kline, mahakama ya shirikisho ikaamua kwamba ukomo wa namna hiyo hauwezi kuwekwa kwa watoto wote kwa kipimo kimoja, kwa kuwa wapo watoto ambao mapumziko marefu huwapotezea ujuzi mwingi na huwachukua muda mrefu mno kuurudisha. Ulichotusimulia kuhusu mwaka jana ndicho hasa mahakama ilichokitazama. Kiandike, kiwe na miezi yake, na kiingie kwenye jalada la mtoto.

Kwa hiyo kuogelea na bustani bado si jibu la swali lako. Jibu liko katika mpango binafsi wa elimu wa mtoto, ule tunaouita IEP. Mwombe mwalimu akuonyeshe kila shughuli ya majira ya joto inabeba lengo gani la mpango huo. Nikupe mfano wa bwawa, kwa sababu wazazi wengi hudhani ni mchezo mtupu: mtoto anayekwenda kuogelea huvua nguo, huvaa ya kuogelea, hujifuta, kisha huvaa tena zake, na yote hayo hutokea kila siku kwa sababu anayoielewa mwenyewe, yaani maji yanamngoja. Kwa mtoto anayejifunza vifungo hilo ni darasa zuri kuliko kukalishwa mezani na kitambaa cha mazoezi. Lakini ni darasa iwapo tu yupo mtu anayemwacha ajaribu na anayeandika alichokiweza. Kama wasaidizi wanawavalisha watoto haraka ili basi lisichelewe, hapo ni kuogelea tu. Lengo lililoandikwa vizuri hutaja kipimo, mathalani kwamba atafunga vifungo vitatu bila kushikwa mkono mara 4 kati ya 5. Ukiona lengo linasema tu "ataboresha kujitegemea", lirudishe.

Kuhusu kukataa, programu si ya lazima kwa mzazi, na kustahili kwa mtoto huamuliwa upya kila mwaka kwa kutazama hali yake. Ukiamua kutomwandikisha, andika wazi kwamba sababu ni safari ya kifamilia, na kwamba hukubali kuwa mtoto hahitaji huduma hiyo. Shule pia hairuhusiwi kuigawa programu kwa aina ya ulemavu, wala kuamua peke yake kwamba kila mtoto atapata saa kadhaa zilezile. Unaweza kuomba kikao cha IEP wakati wowote, na kama Kiingereza cha vikao kinakutatiza wewe au baba wa mtoto, ni wajibu wa shule kuwatafutia mkalimani.

Jambo moja wazazi wengi hawaambiwi: miongoni mwa huduma zinazotajwa na sheria hiyo ni ushauri na mafunzo kwa wazazi. Unaweza kuomba mwalimu akufundishe wewe, kabla ya safari, namna wanavyomfundisha mwanao vifungo na choo, ili ufanye vivyo hivyo ugenini.

BabaNeema

Dada yangu, mimi niko Kentucky na binti yangu mwenye usonji amefikisha miaka 14. Nitasema kwa unyoofu: usiiache programu. Sisi tulipokuwa katika mji mwingine, wahusika walituambia kwamba huduma hiyo ni ya watoto wenye ulemavu mzito tu, tukaamini na tukanyamaza. Tulikuja kupata haki hiyo baada ya kuhama, na tofauti tuliiona mwezi wa tisa wa mwaka uleule, kwa sababu binti alirudi darasani akiwa pale alipoishia.

Ninachotaka kuongeza ni kuhusu michezo, maana majira ya joto na elimu maalumu vina historia ya pamoja katika nchi hii. Mwaka 1962 Eunice Kennedy Shriver, ambaye dada yake Rosemary alikuwa na ulemavu wa akili, alifungua kambi ya majira ya joto katika shamba lake lililokuwa Maryland, akawaita watoto wenye ulemavu wa akili waje kuogelea, kukimbia na kupanda farasi, kila mmoja akiwa na kijana wa kumwongoza. Zama zile watoto wengi wa namna hiyo walifungiwa katika taasisi, na hata madaktari waliamini kwamba michezo itawaumiza. Kutokana na juhudi hizo ikazaliwa Special Olympics, iliyofanyika kwa mara ya kwanza tarehe 20 Julai 1968 katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, kwa wanamichezo wapatao 1,000 kutoka majimbo 26 ya Marekani na kutoka Kanada. Mwanao kwa miaka yake 9 anaweza kushindana, kwani umri wa kuanzia ni miaka 8, na wadogo zaidi wana mazoezi yao.

Wanamichezo hupangwa kwa makundi ya umri, jinsia na uwezo, hivyo mtoto hukimbia na wenye kasi inayokaribiana na yake. Binti yangu hakupata medali katika mbio zake za kwanza. Alipata utepe wa nafasi ya tano. Lakini mimi na mama yake tulilia pale uwanjani kwa jambo jingine kabisa. Filimbi ilipopulizwa hakuziba masikio wala kukimbilia kwetu. Alisimama kwenye mstari wake, akaitazama njia, akaenda. Kelele za ghafla zilikuwa zimemnyima kanisa, harusi na maduka kwa miaka mingi, na zoezi lile alilifanya kwa majira ya joto mazima na mwalimu wake, kwanza filimbi ikiwa mbali, kisha ikisogezwa kidogo kidogo. Ndiyo maana ninasema usiiache. Bibi anaweza kuja, au mwende mwezi wa 12.

MwalimuWaKitengo

Salaam kutoka Tanga. Ninafundisha katika kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili ndani ya shule ya msingi ya serikali, na kwa heshima zote kwa Baba Neema, sikubaliani naye kwamba Tanga ni mahali pa kupoteza ujuzi. Nyumba ya bibi ina mafunzo mengi kuliko darasa langu, mradi mambo mawili yatazamwe mapema.

La kwanza ni kalenda. Shule zetu hufungwa kwa likizo ya mwezi wa sita na hufunguliwa mwezi wa saba. Dada akija mwanzoni mwa mwezi wa sita, binamu na watoto wa jirani wako nyumbani kutwa nzima, na mtoto atapata wenzake wa kucheza nao kombolela, kubeba naye maji na kwenda naye dukani. Akibaki hadi mwezi wa nane, tangu mwezi wa saba watoto wote watakuwa shuleni na yeye atashinda barazani na watu wazima. Kwa hiyo mwezi wa sita una faida ambayo mwezi wa saba hauna, na programu yenu huko ni ya mwezi wa saba. Sioni kwa nini achague kimoja.

La pili ni zito zaidi, nami ninaliona kila likizo inapokwisha. Kinachowarudisha nyuma wanafunzi wangu ni mapenzi, wala si ukosefu wa vifaa. Mtoto anakwenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama mkubwa, na kila mmoja kwa huruma yake anamvalisha, anamlisha, anamwogesha, anamsemea. Akinyoosha kidole kuelekea mtungi, maji yamekwisha kufika mdomoni kabla hajatoa sauti. Wiki nne za namna hiyo zinatosha kumfundisha kwamba hana haja ya kuomba wala kujaribu. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana, alikuwa amejua kufunga kamba za viatu. Aliporudi likizo alinyoosha mguu mbele yangu akakaa akiningoja. Mikono yake haikuwa imesahau, kwani nilipokaa kimya kwa muda aliinama mwenyewe na kuanza.

Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege, dada, mpigie mama simu na umweleze kwa adabu, mkiwa wawili, kwamba mjukuu anafundishwa kusubiriwa. Akipewa shati, bibi ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kunyoosha mkono. Na anapomsaidia, amsaidie kwa kuanzia mwisho: bibi aingize kifungo nusu kwenye tundu, mtoto akivute kitoke upande wa pili, ili kila mara kazi iishie mikononi mwa mtoto na apate raha ya kuimaliza. Akishaizoea hatua hiyo, bibi amwachie na ile inayotangulia. Wabibi wetu wanaelewa jambo hili haraka sana ukiwaeleza, maana ndivyo walivyotufundisha sisi kusuka ukili na kukanda unga.

Kisha mpe kazi halisi. Kuchambua mchele kwenye ungo ni zoezi bora la vidole viwili, kuliko shanga za plastiki tunazopewa darasani: mtoto hutafuta kijiwe au mpunga, huubana kwa kidole gumba na cha shahada, huutupa pembeni, na mwisho wa kazi anauona wali ukipakuliwa. Mbuzi ya kukunia nazi mwekeeni mbali, meno yake ni makali, lakini kuikamua nazi iliyokwisha kukunwa anaweza, na kukamua huko huimarisha viganja, jambo ambalo watoto wenye sindromu ya Down wanalihitaji kwa sababu misuli yao mara nyingi ni legevu. Kuoga kwa kata na ndoo kuna hatua zinazofuatana bila kubadilika. Na salamu zetu ni mafunzo ya zamu ambayo hakuna mtaala ulioyapanga vizuri zaidi: anaamkia, ananyamaza, anaitikiwa. Mwanao amepewa cheti kwa kusubiri zamu. Mtaani kwetu ataifanyia kazi tangu asubuhi hadi jioni, kwa kila mzee anayepita.

BiMatamshi

Nimesoma mchango wa mwalimu wa Tanga kwa furaha. Mimi ni mtaalamu wa matamshi na lugha, na nina machache ya kuongeza.

Dada hakuuliza, lakini naona wazazi wengi huogopa kwamba kumchanganyia mtoto huyu Kiswahili na Kiingereza kutamrudisha nyuma. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha watoto wenye sindromu ya Down wanaokua na lugha mbili na wenzao wa lugha moja, na haukuona kwamba lugha ya pili iliwadhuru. Zungumzeni naye Kiswahili bila wasiwasi. Watoto hawa aghalabu hushika vizuri zaidi wanachokiona kuliko wanachokisikia tu, kwa hiyo wekeni kwenye tableti picha halisi za nyumba ya Tanga: bibi mwenyewe, mlango wa choo, kata, kikombe atakachotumia. Kama programu yake inaruhusu, sauti ya "nataka" irekodiwe kwa Kiswahili pia, ili watu wa nyumbani waelewe anapobonyeza.

Ikiwa tableti ni mali ya shule, timu ya IEP inaweza kuamua aitumie nyumbani pale anapoihitaji, lakini ruhusa ya kuivusha mpaka iombwe kwa maandishi. Chapisheni pia karatasi ngumu yenye picha zilezile, kwa siku umeme utakapokatika.

Kabla ya safari, masikio yake yapimwe, kwa kuwa maji ndani ya sikio ni tatizo la kawaida kwa watoto hawa na humfanya aonekane mkaidi kumbe hasikii. Na kabla ya mazoezi ya bwawani, daktari aulizwe kuhusu shingo yake, kwani baadhi yao wana ulegevu wa viungo vya juu vya uti wa mgongo, na kupiga mbizi kichwa mbele au kubingirika kunaweza kuwa hatari.

MamaWaChumbageni

Sina la kuwalipa ndugu zangu. Tumezungumza na baba wa mtoto na tumeafikiana kwamba tuondoke mwishoni mwa mwezi wa tano, tukae Tanga mwezi wa sita, na turudi siku chache kabla ya programu kuanza. Kubadilisha tiketi kumetugharimu kiasi, lakini mioyo imetulia. Baba Neema, ahsante kwa habari ya binti yako. Tumekwisha kuulizia mazoezi ya Special Olympics ya karibu yetu. Mwalimu wa Tanga, nimempigia mama, akaniambia, "Kwani mimi nilikuvalisha wewe mpaka lini?" na akaanza kunihesabia kazi alizokwisha kumwekea.

Swali langu la mwisho ni kwa mwalimu wa Ohio. Nataka mwezi wa Tanga uhesabike katika maendeleo yake, usionekane kuwa ni pengo. Nirudi na nini?

MwalimuWaOhio

Dada, omba kikao kifupi kabla hamjaondoka, na kwenye kikao hicho chagueni malengo mawili tu, ninashauri vifungo na kuomba choo, kwa sababu ni vigumu kwa familia iliyo safarini kufuatilia zaidi ya hapo. Mwalimu aandike mtoto yuko wapi kwa kila lengo katika wiki ya mwisho ya masomo. Ukiwa Tanga mrekodi kwa simu mara moja kwa wiki akivaa shati lilelile, simu ikiwa imesimama mahali pamoja na bila mtu yeyote kumsemesha, na kwenye daftari weka alama ya kila mara alipoomba choo mwenyewe na kila mara alipokumbushwa. Andika pia kama aliomba kwa picha, kwa neno au kwa kumshika mtu mkono, na kama ni kwa neno, lilikuwa la lugha gani.

Daftari hilo mkabidhi mwalimu wa programu siku ya kwanza ya mwezi wa saba na uombe nakala iingie kwenye jalada. Mwezi wa nane likilinganishwa na kumbukumbu za mwezi wa tano, timu itaona mtoto alishikilia nini bila shule na alihitaji shule kwa lipi, na hayo ndiyo watakayoyatumia kuamua juu ya majira ya joto ya mwaka ujao. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F., Mahakama Kuu ya Marekani ilikubaliana kwa kauli moja kwamba mpango wa mtoto lazima ulenge maendeleo yanayolingana na hali yake, wala si hatua kiduchu za kuonyesha tu kwamba kuna kitu kilifanyika. Ukifika kikaoni na video za shati na daftari la choo, itakuwa vigumu kwa yeyote kukuandikia lengo lilelile la mwaka jana. Na kama atarudi akijua kuchambua mchele, mwambie mwalimu aliandike hilo pia, kisha aulize shuleni kama jikoni kwao kuna ungo.